Matatizo ya ulaji: maswali yanayoulizwa sana, na pa kuanzia kutafuta msaada

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina tatu. Kuna anayeumwa mwenyewe, kuna mzazi au ndugu anayeona mtu wake anabadilika, na kuna rafiki ambaye hajui aseme nini. Soma linalokuhusu, si lazima yote. Ila kitu kimoja nakisema mapema na nitakirudia maana ndo kinachowachelewesha watu kuliko vyote: usisubiri mtu akonde ndo uamini anaumwa. Pia hutakuta hapa hesabu za kalori wala uzito wa kulenga, nimeziacha makusudi, kwa sababu mtu anayeumwa akiona namba anaigeuza mashindano.

Ni ugonjwa kweli, au ni dayati tu imezidi?

Ni ugonjwa. Dayati mtu anaiacha akichoka, hii haiachiki. Ni ugonjwa wa akili ambao Shirika la Afya Duniani linautambua, na unagusa mwili mzima, moyo, mifupa, meno, tumbo, homoni. Mawazo ya chakula na uzito na umbo yanamtawala mtu tangu anaamka mpaka analala, anakula au hali kwa sheria alizojitungia mwenyewe, sheria zinaongezeka kadri siku zinavyokwenda na akivunja hata moja anajiadhibu.

Zipo aina kadhaa. Kwenye anoreksia mtu anajinyima chakula na anaogopa kunenepa kiasi kwamba hata mwili ukiwa umeisha bado anajiona mnene. Kwenye bulimia kuna vipindi vya kula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku anahisi hawezi kujizuia, afu anatafuta namna ya kukifuta, kwa kujitapisha, kwa dawa za kuharisha, kwa kukaa bila kula au kwa mazoezi ya kupitiliza. Kuna ugonjwa wa kula bila kujizuia, vipindi ni vile vile ila hakuna kufuta baadaye, kinachobaki ni aibu. Huu wa tatu uliingizwa kama ugonjwa kamili kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 tu, na ndo unaowapata watu wengi zaidi kati ya hiyo mitatu, wakati wenye nao wengi wameishia kuambiwa hawana nidhamu. Halafu kuna watu, hasa watoto, wanaokwepa karibu kila chakula kwa sababu ya harufu, ladha, jinsi kinavyohisi mdomoni au hofu kwamba kitawakaba kooni, na hawana habari kabisa na unene. Na wapo wengi ambao dalili zao zimechanganyika, hawaingii kwenye aina yoyote vizuri. Hao hawaumwi "kidogo", wanaweza kuwa hatarini sawa na wengine.

Nitajuaje kama ni ugonjwa au ni mimi tu najitisha?

Madaktari wa Uingereza walitengeneza maswali 5 mafupi mwaka 1999, mpaka leo yanatumika sana. Yanauliza hivi: Unajitapisha ukihisi umeshiba mpaka inakukera? Una wasiwasi kwamba huna tena uwezo wa kujizuia kwenye kula? Umepungua zaidi ya kilo 6 hivi ndani ya miezi 3? Unaamini wewe ni mnene wakati wengine wanasema umekonda mno? Unaweza kusema chakula kimetawala maisha yako?

Ndiyo 2 au zaidi, nenda ukaonwe. Hiyo haikupi jina la ugonjwa, inakwambia tu jambo hili linahitaji mtu wa afya alitazame. Na hata ukipata moja, kama siku yako nzima inazunguka kwenye nini nimekula na nitakula nini na nani ataniona nikila, usikae nalo mwenyewe.

Lakini mimi siyo mwembamba. Nani ataniamini?

Hapa nataka tukae kidogo. Watu wengi wenye matatizo ya ulaji hawana uzito wa chini. Mwenye bulimia mara nyingi anaonekana mtu wa kawaida kabisa, Princess Diana alisema hadharani kwenye mahojiano na BBC mwaka 1995 kwamba aliumwa bulimia kwa miaka, na dunia nzima ilikuwa inampiga picha kila siku. Mwenye kula bila kujizuia anaweza kuwa mnene, anaweza asiwe. Na kuna mtu aliyeanza akiwa na mwili mkubwa, akajinyima akapungua haraka sana, sasa mapigo ya moyo yameshuka, hedhi imekata, anazimia, lakini kila anayekutana naye anampongeza eti umependeza, endelea hivyo hivyo. Yule yuko hatarini kama mwenye mifupa inayoonekana, maana kinachoumiza mwili si pale mzani uliposimama tu, ni kiasi gani umepoteza, kwa haraka gani, na unafanya nini kupoteza.

Kwa hiyo ukijikuta unasema "nikishapungua zaidi ndo nitaenda hospitali", ujue huo ni ugonjwa unaongea. Hakuna uzito wa kufikia ili uruhusiwe kuumwa.

Unatokana na nini? Sisi wazazi tumekosea wapi?

Hakuna sababu moja. Urithi wa damu una nafasi kubwa: utafiti mkubwa wa vinasaba uliotoka mwaka 2019, wenye karibu watu 17,000 walioumwa anoreksia, ulikuta sehemu 8 za vinasaba zinazohusiana nayo, na ulionyesha pia uhusiano wa ugonjwa na jinsi mwili unavyotumia nishati, siyo na akili peke yake. Juu ya hapo unaweka tabia ya mtu, wale wanaotaka kila kitu kiwe sawasawa bila kasoro, wenye wasiwasi mwingi. Unaweka kutaniwa mwili utotoni, ukatili, msiba, michezo na kazi zinazodai umbo fulani, na dayati yenyewe ambayo kwa wengi ndo mlango.

Wazazi hawausababishi. Zamani familia zililaumiwa sana na madaktari wenyewe, watoto wakatengwa na wazazi wao ili wapone, na sa hivi tunajua kwa mtoto anayeumwa anoreksia mzazi ndo msaada mkubwa kuliko wote. Kwahiyo nguvu ya kujilaumu ihamishie kwenye kumlisha na kumpeleka hospitali. Ila maneno ya nyumbani kuhusu miili, yako na ya wengine, yapunguze. Mtoto anasikia hata usipomsema yeye.

Si ugonjwa wa wasichana wa kizungu wenye hela?

Hapana. Mfano unaotajwa sana ni wa Fiji, ambako mwili mkubwa ulikuwa ndo unasifiwa. Televisheni iliingia eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti wa Harvard, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa sekondari mwaka huo huo, hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi kuuliza mwaka 1998 walikuwa asilimia 11 hivi. Ni utafiti mdogo, na televisheni haikuwa kitu pekee kilichobadilika kule, lakini ule usemi kwamba kuna watu wa rangi fulani au nchi fulani hawapati haya mambo haujasimama. Kinachotokea ni kwamba hawaulizwi, basi hawaonekani.

Wanaume nao?

Ndiyo, na wanachelewa zaidi kutibiwa kwa sababu hata wao hawawazi kwamba ni hicho. Elton John ameeleza wazi bulimia yake na kwamba alikwenda kutibiwa mwaka 1990, na mchezaji kriketi wa Uingereza Andrew Flintoff aliizungumzia ya kwake kwenye kipindi cha BBC mwaka 2020. Kwa wanaume wengi hofu siyo kunenepa, ni kuwa na mwili mdogo usio na misuli. Anaishi jimu, anapima kila anachokula, akikosa mazoezi siku moja anakasirika na kila mtu, anakataa kwenda popote ambako chakula hakipimiki. Watu wanaita nidhamu.

Kwa nini asile tu?

Hili ndo linaumiza walio jirani naye kuliko yote, chakula kipo mezani, mtu anakitazama, anakataa. Kuna jambo likikuingia litakusaidia sana: njaa yenyewe inabadilisha akili. Mwaka 1944 hadi 1945 pale Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, akawapunguzia chakula kwa miezi 6 ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu waliokuwa na njaa kwa sababu ya vita. Hawakuwa na tatizo lolote la ulaji. Lakini njaa ilipowaingia wakaanza kukikatakata chakula vipande vidogo vidogo, kula kwa masaa, kusoma vitabu vya mapishi, kuota chakula, kujitenga, kukasirika ovyo, kuhisi baridi, na walipoachiwa kula wengine walikula bila kuweza kusimama. Yote haya yalitoka kwenye njaa.

Sasa mchukue mtu ambaye tayari ana hofu ya chakula, mpe na akili ya mtu mwenye njaa. Kumwambia "kula tu" ni kumwambia afanye kitu kinachomtisha kuliko vyote, tena kwa ubongo usio na nishati ya kufikiri. Ndo maana kwa mwenye anoreksia chakula kinarudi kwanza, na mazungumzo marefu ya kwa nini yanakuja mwili ukishapata nguvu. Ukisubiri aelewe kwanza ndo ale, utasubiri sana.

Mwili unaumia wapi hasa?

Moyo ndo wa kuogopwa. Kwa asiyekula mapigo yanapungua, presha inashuka, akisimama anaona giza. Kwa anayejitapisha au kutumia dawa za kuharisha madini ya potasiamu yanashuka kwenye damu, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kupiga ovyo na kusimama ghafla kwa mtu ambaye asubuhi alikuwa anatembea. Karen Carpenter, mwimbaji wa Marekani, alifariki mwaka 1983 akiwa na miaka 32, moyo ulishindwa baada ya miaka ya anoreksia, na wakati huo alikuwa ameshaanza kutibiwa na uzito umeanza kurudi.

Mifupa inapungua nguvu, na hii kwa kijana ni hasara kubwa maana mifupa inajengwa umri ule. Hedhi inakata au inavurugika. Nywele za kichwani zinadondoka, vinyweleo laini vinaota mwilini. Choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa kwa chakula kidogo. Anayejitapisha mashavu yanavimba chini ya masikio, meno yanaliwa na asidi, na wengine wanapata kovu juu ya vifundo vya vidole.

Na hili lazima lisemwe, dawa za kuharisha hazitoi chakula. Zinafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kinachotoka ni maji na madini, mzani unashuka siku moja na maji yanarudi. Mtu anaharibu utumbo na moyo bila kupata hata kile alichokuwa anakitafuta.

Lini ni dharura?

Leo hii, siyo kesho, kama: amezimia, ana maumivu ya kifua au moyo unaenda mbio au unaruka, anatapika damu, amechanganyikiwa, misuli imelegea mpaka hawezi kuinuka vizuri, hajala wala kunywa kwa siku nzima au zaidi, ana kisukari cha kutumia insulini na anairuka ili apungue, au anaongea kuhusu kufa. Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito wote. Anoreksia ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na karibu mtu 1 kati ya 5 wanaofariki nayo anakuwa amejiua. Muulize wazi, "unawaza kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali yoyote yenye huduma ya dharura au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo.

Naanzia wapi? Sijui hata niseme nini kwa daktari.

Huhitaji kuanza na mtaalamu wa matatizo ya ulaji, sehemu nyingi hayupo. Anza na daktari wa kawaida au kituo cha afya kilicho karibu. Kinachowashinda watu wengi ni zile dakika mbili za mwanzo. Unaingia, dokta anauliza shida nini, unajikuta unasema tumbo linauma au nasikia kizunguzungu, unapewa dawa ya tumbo unarudi nyumbani. Basi andika kwenye simu kabla hujaingia, na ukishindwa kusema mpe asome:

"Dokta, nina tatizo na kula. Kwa miezi kadhaa sasa najinyima chakula / nakula nashindwa kusimama / najitapisha. Linatokea mara hizi kwa wiki. Nimepungua au kuongezeka kiasi hiki kwa muda huu. Nazimia / hedhi imekata / moyo unaenda mbio. Siwezi kuacha mwenyewe. Naomba unipime na unielekeze kwa mtu wa afya ya akili."

Sema ukweli kuhusu kutapika na vidonge, maana bila hiyo habari hatajua apime nini. Vipimo vya kuulizia ni mapigo ya moyo na presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, joto la mwili, damu kwa ajili ya potasiamu, fosfeti, magnesiamu na sukari, na kipimo cha umeme wa moyo. Kama kuona namba ya mzani kunakuvuruga, omba kupimwa ukiwa umeupa mgongo na usitajiwe, ni ombi la kawaida tu.

Baada ya hapo unatafuta watu wawili zaidi, mwanasaikolojia au kaunsela au daktari wa akili, na mtaalamu wa lishe mwenye sifa za hospitali. Siyo mtu wa kwenye mtandao anayeuza programu ya kupungua. Muulize kabla: umeshahudumia mtu mwenye tatizo la ulaji? Akianza kukupangia dayati, ondoka.

Mkikosa mtu karibu, wataalamu wengi sasa wanaona watu kwa video. Kwa Kiingereza kuna shirika la Beat la Uingereza lenye maelezo mengi mazuri, na F.E.A.S.T. ambalo ni la wazazi na walezi kutoka nchi mbalimbali wanaosaidiana wao kwa wao.

Daktari kasema vipimo viko sawa, nipunguze mawazo. Sasa?

Vipimo vya damu vinaweza kuwa sawa kabisa kwa mtu anayeumwa sana, mwili unajitahidi kufidia mpaka siku unashindwa. Kwa hiyo majibu mazuri hayafuti ugonjwa. Rudi na mtu unayemwamini akuongelee, au nenda kwa daktari mwingine. Inachosha, najua, na si haki mgonjwa abebe kazi ya kumfanya aaminiwe, lakini tafadhali usiishie kwa yule wa kwanza.

Matibabu yenyewe yakoje?

Kwa watoto na vijana wenye anoreksia, yenye ushahidi mkubwa zaidi ni matibabu ya kupitia familia, yalianzia hospitali ya Maudsley, London. Wazazi wanachukua jukumu la chakula chote mwanzoni, nini kinaliwa, kiasi gani, saa ngapi, halafu mtoto anarudishiwa taratibu, mwisho ndo yanashughulikiwa mambo mengine ya umri wake. Huwa yanachukua miezi 6 mpaka 12.

Kwa watu wazima inatumika sana tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na tabia, ile iliyotengenezwa mahsusi kwa matatizo ya ulaji na Christopher Fairburn wa Oxford. Kawaida ni vikao 20 hivi, 40 kwa mwenye uzito wa chini. Kazi yake ya kwanza si kuzungumzia utoto, ni kula kwa ratiba, milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kukaa zaidi ya masaa 4 hivi mchana bila kula. Watu wenye bulimia wanashtuka wakisikia hivyo, wanaona wanaambiwa wale zaidi wakati shida yao ni kula sana. Lakini ukifuatilia, vipindi vingi vya kula bila kujizuia vinatanguliwa na masaa ya kujinyima. Asubuhi hukula, mchana ukajikaza, jioni mwili unadai, unakula mpaka unaumia, unajiapiza kesho sili kitu, na kesho inakuwa ile ile. Kinachovunja huo mzunguko ni kula asubuhi, hata baada ya usiku mbaya. Hasa baada ya usiku mbaya.

Kulazwa kunahitajika mwili ukiwa hatarini au tiba ya nyumbani ikishindikana.

Kuna dawa?

Kwa bulimia, fluoxetini inasaidia baadhi ya watu, na kwa kawaida inahitaji dozi kubwa kuliko ile ya sonona, kwa hiyo ni daktari tu wa kuiandika. Kwa anoreksia hakuna dawa inayotibu ugonjwa wenyewe, chakula ndo dawa. Na dawa moja ya sonona inayoitwa bupropioni haitakiwi kabisa kwa mwenye bulimia au anoreksia, au aliyewahi kuumwa, kwa sababu inaongeza hatari ya degedege. Mwambie daktari historia yako kabla hajaandika chochote.

Naweza kujitibu mwenyewe?

Kwa bulimia na kula bila kujizuia, kitabu au programu ya kujisaidia inayofuata ile tiba ya mazungumzo, ukiwa na mtu wa afya anayekufuatilia, imesaidia wengi. Kwa anoreksia, hapana. Na mtu ambaye hajala kwa siku nyingi au amepungua sana asianze kula kingi ghafla nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipata chakula kingi kwa mara moja, fosfeti na potasiamu na magnesiamu vinashuka kwenye damu ghafla na moyo unaweza kushindwa. Wengi waliotoka kwenye njaa ya Vita vya Pili vya Dunia walifariki hivyo baada ya kupewa chakula. Anahitaji kuongezewa akiwa anapimwa damu.

Wakati unasubiri miadi: usijipime mzani kila siku, mpe mtu auhifadhi. Kula kwa saa, usisubiri njaa ikwambie, maana alama za njaa zimevurugika. Ukitapika usipige mswaki papo hapo, asidi imelainisha meno na mswaki utayakwangua, sukutua na maji na usubiri angalau nusu saa. Na mwambie mtu mmoja. Mmoja anatosha kuanzia.

Mtoto wangu anakataa chakula mezani. Nifanye nini pale pale?

Utamjua kwa vitu vidogo. Anasogeza chakula toka upande huu wa sahani mpaka ule, anakata kipande kimoja mara nne, anafuta mafuta kwa tishu, anasema nilishakula kwa rafiki yangu, akimaliza anakimbilia chooni na bomba la maji linafunguliwa.

Kwanza usiongee habari ya chakula kwenye chakula. Hutashinda ubishi wa kalori na mtu anayezijua zote kwa kichwa. Mpakulie wewe, weka mbele yake, kaa naye. Sema kifupi na kwa sauti ile ile: "Mwanangu, najua unaogopa. Chukua kijiko kingine. Niko hapa." Akijibu kwa hasira, rudia. Akilia, rudia. Zungumzeni mambo mengine katikati. Mkimaliza usimsifu kwamba amekula sana, hiyo sifa ugonjwa unaigeuza tusi. Kaeni naye saa nzima, mfanye kitu pamoja, asiende chooni peke yake kipindi hicho.

Atakuchukia kwa muda. Atakwambia unamharibia maisha. Ni hofu inayosema, na mwenzio ndani ya nyumba lazima awe upande mmoja na wewe, maana baba akilegeza pale mama alipokaza ugonjwa unapita katikati yenu.

Nina rafiki, nimwambie vipi?

Mtafute peke yake, siyo wakati wa kula. Sema ulichoona na siyo unachodhani, kwa mfano "shoga yangu, naona siku hizi hukai na sisi wakati wa kula na umekuwa mpweke, nina wasiwasi na wewe." Usitaje mwili wake kabisa, hata kwa wema. "Umekonda" anaisikia kama ushindi, "umependeza sasa" anaisikia "umenenepa". Akikataa usibishane, mwambie utarudi kumuuliza, na urudi kweli. Jitolee kumsindikiza hospitali. Na kama ni mtoto au yuko hatarini, siri hiyo usiitunze, mwambie mtu mzima hata kama atakununia.

Mitandao imemharibu, nimnyang'anye simu?

Kumnyang'anya peke yake hakutibu, na inaweza kumkatia marafiki waliobaki. Kaeni mpitie pamoja anaowafuata, muondoe kurasa za kupungua, za "nilivyokula leo", na hasa vile vikundi ambavyo wagonjwa wanatiana moyo waendelee kuumwa. Hivyo vipo na ni vya hatari, na mtu anaviona kama ndugu zake pekee wanaomwelewa, kwa hiyo vikiondoka lazima pawe na watu wengine wa kuchukua nafasi.

Huwa wanapona kweli?

Wanapona, na hata walioumwa muda mrefu. Kuna utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya miaka 9 hivi, waliopona anoreksia walikuwa theluthi moja tu, unaweza kukata tamaa ukisoma hapo. Lakini walipotazamwa tena kwenye miaka 22 walikuwa karibu theluthi mbili. Yaani kuna watu waliotimiza miaka 9 bado wanaumwa, kila mtu amewachoka, wao wenyewe wamejichoka, na bado wakapona baadaye. Kwa bulimia theluthi mbili walikuwa wameshapona kwenye ile miaka 9.

Kutibiwa mapema kunafupisha sana, ndo maana nasema usisubiri. Lakini kama umeshachelewa, hujachelewa kiasi cha kutopona.

Alipona, sasa naona dalili zinarudi.

Kurudi nyuma kunatokea sana, hasa kwenye mabadiliko, kuanza chuo, kuachwa, ujauzito, kujifungua, kuumwa ugonjwa mwingine ukakosa hamu ya kula. Haifuti kazi iliyofanyika. Angalieni vitu vya mwanzo mwanzo: mlo mmoja umeanza kurukwa, mzani umerudi chumbani, ameanza tena visingizio vya kutokula na wenzake, nguo zimekuwa kubwa kubwa za kuficha. Wiki hiyo hiyo rudini kwenye ratiba ya milo yote kama mlivyofanya mwanzo, na mpigieni yule aliyemtibu. Kama matibabu bado yanaendelea, muombeni mapema awaandikie karatasi moja: dalili zake za kurudi nyuma ni zipi, nani anaambiwa kwanza, na mnafanya nini siku ya kwanza. Mwenyewe awepo wakati inaandikwa, aseme kwa maneno yake angependa aambiweje siku hiyo.